Kuku wa Mama Lihanda

Jumanne, Machi 1968

Sasa nimfanye nini huyu kuku? Mama Lihanda, jirani yetu, amenikabidhi leo asubuhi kwa mikono miwili, shukrani kwa kumzalisha binti yake Alhamisi. Mvua ilikuwa kubwa na hospitali iko mbali, wakaja kugonga mlango wangu. Ningewaambia nini?

Kwenye pasi yangu ya kusafiria wamegonga muhuri: mke wa mtaalamu mgeni, asifanye kazi yoyote, yenye malipo au isiyo na malipo. Mume wangu anapima barabara za hapa Kakamega kwa mkataba wa miaka miwili. Mimi, mkunga wa miaka tisa kule Tanga, napanga vikombe. Na leo barua yangu ya kuomba kibali imerudi tena. Karani ameandika neno moja tu, "Subiri."

Nilijaribu kumrudisha kuku. Mama Lihanda akanuna. "Dada, hapa kwetu mtu hakataangi ingokho. Ama unatudharau?"

Nikampokea ingokho wake, kuku wake. Mume wangu aliporudi alimtazama kuku, kisha akanitazama mimi. "Hayo ndiyo malipo," akasema. Hakucheka. Kibali chake mwenyewe kinaisha Juni, na mimi ndiye ninayeweza kukiharibu.

Nimemwapia kwamba sitazalisha tena. Nikachukua mkasi na nyuzi za kufungia kitovu, nikavifungia kabatini mbele yake.

Ila jioni hii nimevitoa, nimevichemsha. Mke wa fundi cherehani ametimiza miezi yake, na mvua imeanza.