Jiwe Ulilomchagulia Waithira

Beth Kimotho,
Kawangware, nyuma ya stage ya 56,
Nairobi.

9 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Lenah,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumai wewe, shemeji Mwakio na watoto mko wazima, na kwamba maji ya mfereji yamerudi huko Voi, maana mara ya mwisho ulikuwa unalia juu ya maji tu. Goti lako je? Bado linakusumbua ukipanda ngazi za kanisa? Sisi afya tunayo, tunamshukuru Mungu. Presha yangu ilikuwa imetulia, ila siku hizi sijaipima kwa sababu najua itasema nini.

Umenipigia simu sana na sijashika. Usidhani simu imeharibika. Nimeona haya kusikia sauti yako. Nimeonelea nikuandikie, niipeleke barua hii kwa watu wa vifurushi pale basi la Voi linapotokea, nawe uisome nikiwa mbali na macho yako.

Ni juu ya lile jiwe. Sasa najua ni wewe uliyelichagua.

Siku wageni walipokuja sikujua. Binti yangu Waithira na mchumba wake Khaemba walikuwa wamekubaliana kunificha ili wanifurahishe. Kumbe msichana ndiye aliyemtuma kijana kwako, akamwambia mama yake mdogo, Tata Lenah, anaishi na mawe ya vito na mumewe huyanunua kwa wachimbaji wenyewe, hawezi kukuuzia takataka. Nimesimuliwa yote baadaye, mambo yalipokuwa yamekwisha kuharibika. Jinsi ulivyomkalisha Khaemba ukamwuliza, kabla hata ya rangi, mikono ya msichana inafanya kazi gani. Akakwambia ni ya saluni, kutwa iko kwenye dawa za nywele na maji ya moto. Ukamkataza lulu kwa sababu dawa zitaila. Ukamkataza opali kwa sababu joto linaweza kuipasua. Alikuwa amependa topazi moja kubwa inayong'aa, ukamwambia ni ngumu kweli, lakini ikigonga sinki vibaya inapasuka kama kuni. Mwishowe ukampa yakuti nyekundu, ndogo, yenye ukungu kidogo ndani, ukamwagiza alilaze jiwe chini kabisa kwenye pete, lisiinuke, lisije likanasa nywele za wateja. Ukasema hilo litavaliwa na Waithira na wajukuu zake.

Lenah, hukumwambia lolote juu ya nyundo. Nani angefikiria nyundo?

Walikuja mwisho wa Agosti kujulishana, kama ilivyo desturi. Khaemba, mama yake Sella ambaye hulima mboga za sukuma pale Silanga kando ya Nairobi Dam, mjomba wake Wanzala, na wazee wawili wa kanisa lao. Walitembea kutoka Gatwekera wakiwa na nguo za Jumapili, wakapanguza viatu langoni kabla ya kuingia. Sella alikuwa amebeba jogoo mwekundu na mkungu wa ndizi. Niliwapokea vizuri. Chapati zilikuwepo, pilau ilikuwepo, hata wewe ungenisifu.

Lakini moyoni sikuwa nimewapokea, na afadhali nikwambie hivyo hivyo. Nilipoona vumbi la viatu vile nilijiambia kijana huyu ameona ploti za kupangisha alizoacha Baba Waithira, hajamwona Waithira. Tena kazi yake unaijua, anatengeneza herini na pete za shaba na mifupa ya ng'ombe za kuuzia watalii. Nikawaza, mtu anayeweza kung'arisha mfupa wa ng'ombe mpaka ukadhani ni pembe ya ndovu, atashindwaje kunifanyia kioo kiwe yakuti? Nilikuwa nimeketi pale nikitabasamu na kungoja kumshika mwizi.

Sasa unamjua shemeji yetu Ndegwa. Tangu ndugu yake, Baba Waithira, atutoke, yeye ndiye husimama kwa niaba ya nyumba hii. Na unajua alivyo na lile duka lake la hardware, hakuna kitu anachokiamini kabla ya kukigonga. Bomba hugonga, tofali hugonga, hata tikiti maji sokoni hugonga mpaka wenye tikiti wanamfukuza. Khaemba alipotoa pete na kusema jiwe ni yakuti halisi kutoka Taita, Ndegwa aliichukua, akaigeuza geuza kwenye mwanga, akasema jiwe la kweli linajulikana kwa kitu kimoja, halivunjiki. Akaomba nyundo.

Nyundo nilikwenda kuileta mimi, chini ya ngazi. Khaemba alicheka kwa adabu akidhani ni mzaha wa wazee. Alipoona si mzaha alisema jiwe ni gumu lakini si la kugongwa. Mimi niliposikia hivyo ndio nikazidi kushuku.

Ndegwa aliweka pete juu ya kizingiti cha mlango wa sebule akagonga mara moja. Jiwe halikufanya kitu. Watu wakacheka, Wanzala akapiga makofi, Sella akashika kifua kwa furaha. Hapo ndipo tungekomea, Lenah. Ndegwa mwenyewe alikuwa ameshaanza kuinuka. Ni mimi niliyesema, na nilisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia:

"Ongeza moja, Ndegwa, tujue kabisa."

Mara ya pili jiwe likapasuka vipande.

Ndegwa akasema, "Si niliwaambia? Hii ni chupa." Khaemba alipiga magoti pale kizingitini, akawa analowesha kidole kwa mate na kuokota vipande kimoja kimoja, anaviweka kwenye leso ya mama yake. Hakunitazama. Mzee mmoja wa kanisa lao aliomba sala fupi ya kufunga, wakashukuru kwa chakula walichokuwa hawajala, wakaenda. Pete iliachwa mezani ikiwa na shimo pale jiwe lilipokuwa. Jogoo pia aliachwa. Mpaka leo yuko hapa uani, kila alfajiri ananiwikia chini ya dirisha, na sina uso wa kumchinja.

Waithira, aliyekuwa jikoni akipakua chakula tulipogonga, hakupiga kelele. Ningeshukuru kama angepiga. Alichukua ufagio akafagia kizingiti, akapata kipande kimoja kilichokuwa kimejificha kwenye ufa wa saruji. Akaenda nacho mpaka kwenye kabati langu la vyombo, lile lenye picha ya baba yake, akavuta mstari kwenye kioo kutoka upande huu mpaka upande ule. Kilikwaruza hata mgongo wangu ukasisimka. Kisha akaniambia, taratibu, "Mum, chupa haiwezi kuchora hivi. Na hiyo stone ni Tata Lenah alichagua."

Niliketi chini. Nilifikiri juu yako ukilitafuta kati ya mawe mengine, ukimpa mtoto wa watu lile linalofaa mkono unaofanya kazi. Wewe ulimwuliza juu ya mikono ya Waithira. Mimi sikuwahi kumwuliza kijana yule hata jina la kijiji chao.

Ndegwa ameahidi kuniletea kioo kipya cha kabati. Nimemkataza. Huo ndio msaada aliofikiria, kioo.

Juzi nilikwenda Gatwekera kuomba msamaha. Ndegwa alisema ana wateja, nikaenda na Kalondu wa kanisani kwetu. Nilikuwa nimejitayarisha kutukanwa na ningestahili. Badala yake Sella alituchinjia kuku. Unajua kwao Waluhya mgeni kuchinjiwa kuku ni heshima gani. Akaniwekea firigisi kwenye sahani yangu, kitu ambacho huwekewa mgeni mkubwa. Na aliyetumwa kuninawisha mikono ni Khaemba. Alinimiminia maji polepole, akasema, "Karibu, mama." Nilinawa zaidi ya ilivyohitajika kwa sababu sikujua nikimaliza nitatazama wapi.

Nililia, Lenah, firigisi ikiwa mkononi. Nilimwomba Khaemba msamaha mbele ya mama yake, nikamwambia nitamnunulia yakuti nyingine kubwa kuliko ile. Hilo nalo lilikuwa kosa. Akasema maneno ambayo sijaweza kuyatoa kichwani.

"Mama, stone si shida. Mimi nilisema ni ya ukweli, na hakuna mtu kwa hiyo nyumba aliniamini. Hiyo huwezi nunua."

Sella alimkanya kwa macho, lakini akaniambia yeye mwenyewe, tulipokuwa tunatoka, kwamba tangu siku ile kijana haendi kwenye karakana. Anasema mkono wake umeitwa wa kudanganya mbele ya wazee. Akaniambia hawakatai undugu. Wanachotaka ni kwamba yale tuliyoyasema mbele ya watu, tuyaondoe mbele ya watu wale wale. Tumekubaliana Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, kwetu, kizingitini pale pale. Ndegwa nimemwambia atakuja, na asipokuja nitaongea peke yangu. Khaemba hakusema atakuja. Alisema ataona. Kwa hiyo harusi ya Waithira imening'inia hapo, kwenye neno hilo moja.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, usitume jiwe lingine. Najua moyo wako, utakuwa umeshaanza kulitafuta. Katika vile vipande kimoja kimebaki na ukubwa wa punje ya mchele, na Waithira amesikia kwa Sella kwamba Khaemba hajavitupa. Kama atapenda kukilaza kwenye pete ile ile, ni yeye ataamua. La pili, usimpigie kijana simu kuniombea. Ukitaka kuja Jumamosi hiyo njoo, nitafurahi sana, lakini uketi tu unisikilize. Na unisamehe. Ulichagua kwa akili na upendo, nami nikakuharibia kwa kiburi.

Nisalimie shemeji Mwakio, mwambie asinicheke sasa, angoje nifike huko anichekee usoni. Msalimie mwanao Mkamburi na ndugu zake, na mama mkwe wako, Mungu ampe nguvu. Kalondu naye anakusalimu.

Ningemalizia hapo, lakini kuna jambo la jana. Waithira anaivaa ile pete kila siku saluni, na shimo lake. Siwezi kumzuia. Wateja wanapomwuliza jiwe limeenda wapi, anaendelea kusuka na kuwaambia, "Muulize mum." Nao wanakuja kweli. Wananipata dukani, kanisani, kwenye mlango wa ploti, na siku zote nimekuwa nikijibu kwamba lilianguka.

Jana Mama Aketch wa nyumba ya pili aliniuliza nikiwa nimesimama mbele ya saluni yenyewe, imejaa watu, mlango wazi. Nikamwambia, "Halikuanguka. Lilikuwa yakuti ya kweli, na ni mimi nilisema ligongwe." Pale ndani dryer za nywele zilikuwa zinavuma lakini Waithira alisikia. Aliacha kichwa alichokuwa anasuka, akanitolea kiti nje, akarudi kazini.

Mungu wetu awalinde nyote na awaepushe na watu wa aina yangu.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata wiki hii ninapoona haya kupendwa,

Beth