Boti Lililopita Lweba

Baraka, Fizi
Tarehe 17 Februari 2000

Mpendwa yaya Pulchérie, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu na za Mama. Hujambo wewe, shemeji na watoto huko Kigoma? Ile homa uliyoandika kwamba inamsumbua kitinda mimba wako, imepungua? Sisi tunaamka, na siku hizi kuamka ndiyo afya yenyewe. Mguu wa kushoto wa Mama bado unavimba, lakini anafika kisimani na kurudi, na ulimi wake ni mzima kabisa.

Barua yako niliipata kwa mkono wa Dorothée, jirani yako wa kambi ya wakimbizi, alipovuka kuja kumzika baba yake. Umenishukuru mara tatu kwa kumtunza Mama, na kwa misa tuliyomwombea binti yako Nadège. Niliposoma shukrani hizo niliona aibu. Nimekaa nazo wiki tatu nzima. Mficha uchi hazai, yaya, kwa hiyo leo nakuandikia, na nakuomba usiichane barua hii kabla ya kufika mwisho.

Kazi yangu unaijua, ingawa nyumbani hakuna aliyeielewa hata siku moja. Tangu nimalize masomo ya biashara Lubumbashi, nimekuwa mshauri wa wenye vyombo vya usafiri. Nilianza Uvira na wenye malori, kisha barabara ilipojaa vizuizi vya wenye bunduki nikahamia kwa wenye maboti wa hapa Baraka. Mama alikuwa akiwaambia watu wa kijijini kwetu Lweba, "Mutoto wangu anafundisha benye maboti kazi yabo, na yeye hana hata kasia." Wakicheka, nami nacheka, maana nilikuwa najivuna.

Nilikuwa napanda maboti na saa yangu na daftari. Kati ya Mboko na Baraka nilihesabu boti likisimama mara kumi na moja, kwa sababu tu mwanamke amesimama ufukweni anapunga kitenge. Nawe unawajua mama zetu. Boti likiingia, mwenye kitenge bado anamfunga kuku miguu, au anaagana na mawifi, na injini inaunguruma bure. Basi niliwaandikia wenye maboti kanuni tisa. Ya tatu ilisema boti halitaitwa tena kwa kitenge. Litasimama Mboko na Baraka tu, na nahodha atakayevunja kanuni atakaa nyumbani wiki mbili. Baada ya miezi miwili maboti yalikuwa yanafika kwa wakati, na watu wakanibandika jina la Bwana Saa. Katika miaka yangu kumi na mmoja ya ushauri sikuwahi kufanya kazi iliyofanikiwa kama ile.

Sasa nakuja kwenye neno lenyewe. Mwezi wa nane mwaka jana nilikuwa Mboko milio ya bunduki ilipoanza, asubuhi ya Jumanne. Tulikimbilia boti la Eddy, nahodha niliyemfundisha mwenyewe. Lilikuwa boti la watu arobaini na ndani tulikuwa ishirini na sita. Nilituhesabu, kwa mazoea ya kazi. Tulipofika usawa wa Lweba tukaona watu ufukweni, kama kumi hivi, na vitenge vinapungwa. Eddy akapunguza mwendo.

"Mushauri, bamama bale banatuita," akaniambia. "Tuingie?"

Nilitazama saa. Nikamjibu, "Kanuni unaijua." Akaongeza mwendo.

Usidhani ilikuwa kanuni, yaya. Niliogopa. Moshi ulikuwa bado mbali nyuma ya migomba, muda wa kuingia ulikuwepo, na nafasi zilikuwepo kumi na nne. Kanuni ilinipa tu mahali pa kujificha.

Nami niliamini Mama na Nadège wameshafika Baraka, kwa kuwa nilikuwa nimemtumia Mama agizo watoke Lweba washuke kwangu Jumapili. Lakini Mama alikuwa ameloweka mihogo Jumamosi, na unamjua, si mtu wa kuiacha mihogo yake majini. Mimi niliyehesabu kila kitu cha safari za watu, mihogo sikuihesabu.

Walikuwa pale ufukweni.

Boti lilipopita wakapanda milimani pamoja na wengine. Siku ya nne Nadège akaanza kuharisha. Mama mmoja wa wafugaji wa huko juu, Mukarurangwa, aliwapokea, licha ya chuki yote iliyopo kati ya watu wetu na wao. Akampa mtoto maziwa, akampa na kitanda chake mwenyewe. Haikusaidia. Siku ya sita Nadège alifariki, wakamzika nyuma ya zizi, Mama na Mukarurangwa, wawili tu. Barua ya msiba uliyoipata niliiandika mimi. Mama alinitajia yote haya niandike. Nikaandika kwamba maradhi ndiyo yaliyomchukua, na habari ya boti nikairuka.

Mama hajui kwamba nilikuwa ndani ya boti lile. Kila mgeni akiingia humsimulia. Kabla ya kula huomba, na mwisho wa sala huwakumbuka: "Mungu, bale bantu ba boti, usibasamehe, hata bakilia." Kisha anangoja nijibu Amina ndipo agawe ugali. Najibu. Tangu mwezi wa kumi, aliposhuka kutoka milimani kuja kukaa kwangu, najibu kila siku.

Eddy ameacha maboti, analima kwa wakwe zake. Tukikutana ananisalimu vizuri tu, na hilo linanichoma kuliko kama angenitukana. Wiki iliyopita watu wa shirika moja la misaada walinitaka niwapangie safari za kupeleka chakula kando ya ziwa. Niliketi mbele ya karatasi yao tangu asubuhi hadi adhuhuri. Sina tena neno la kumshauri mtu. Niliwarudishia ikiwa nyeupe.

Umeomba nimlete Mama kwako kabla ya Pasaka. Dorothée amekubali kuvuka naye. Mimi sitakuja. Nadège ulimwacha kwa Mama ulipokimbilia Kigoma, akiwa na surua, ukasema hakuna wasiwasi maana mjomba wake yupo. Sijui ningesimama vipi mbele yako.

Nisalimie shemeji, Adolphine na wanawe, na wote wa Lweba walio nanyi kambini. Mungu akae nanyi huko ugenini, amponye mdogo na akupe nguvu kwa haya niliyokutwika.

Jambo moja limebaki. Kumwambia Mama kwa kinywa changu nimejaribu, nimeshindwa. Lakini yeye hajui kusoma, na barua zako ni mimi ninayemsomea, huku ameweka kiganja chake sikioni ili asikose hata neno. Ukijibu kabla hajavuka, andika unalotaka alisikie. Nitalisoma lote, kwa sauti, kama ulivyoliandika.

Mdogo wako akupendaye,
Albert