Rangi ya Sebule ya Mama

Boko,
Dar es Salaam.
8 Februari 2025

Mpendwa mdogo wangu Talha,

Assalaam alaykum. Na marahaba, maana najua ungekuwa mbele yangu ungeanza na shikamoo. U hali gani huko Muscat? Najma na watoto hawajambo? Kile kifua chako kimepoa? Sie huku alhamdulillahi, wazima, joto tu ndilo linatutoa roho. Shemeji yako Sadallah anakusalimu sana. Mama hajambo, ingawa magoti bado yanamsumbua.

Nimeamua kukuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikifungua mdomo tu, wewe ushasema nitume picha nyingine. Barua hii anakuletea Somoe, jirani yangu, anayekuja huko kumtazama mwanawe, na haina picha hata moja. Nimechoka na picha, Talha.

Hiyo nyumba uliyomjengea Mama pale Madale imekwisha. Bati, madirisha, vigae, maji, umeme, vyote tayari, Mungu akulipe. Kinachomzuia Mama kuhamia ni rangi ya sebule, na anayeizuia rangi ni wewe. Yeye bado yuko Temeke kule bondeni, na unajua masika yakianza maji yanaingia mpaka chini ya kitanda. Nilimwahidi kwamba futari ya kwanza mwaka huu ataila Madale. Ramadhani ndiyo hiyo inabisha hodi, na mie nimebaki naaibika.

Hebu nikukumbushe tulikotoka. Fundi Gibson alipaka viraka vinne ukutani, vyote vya hiyo rangi yako ya beji, sijui ni nyeupe sijui ni kahawia. Kimoja kama ganda la yai, kimoja kama chai iliyozidi maziwa, kimoja kama mchanga mkavu, na cha nne hata sijui nikiite nini. Mie nikisimama mlangoni naona rangi moja tu. Mama alivitazama akasema vyote ni vyeupe vilivyochafuka. Wewe ukaandika kwamba unataka cha tatu, hicho hicho, tusipoteze muda. Haya, Gibson akahesabu kutoka kushoto, akapaka sebule nzima. Picha ilipokufika ukapiga kelele eti ukuta umekuwa wa waridi! Kumbe bwana mkubwa, miaka yote hiyo ya kusomesha Kurani, siku hizi hata ukuta unausoma kutoka kulia. Siku ile nilicheka, lakini sasa sicheki tena.

Tukapaka upya. Asubuhi ukasema ina umanjano. Jioni, taa zimewashwa, ukasema ina ukijivu. Ukuta ni ule ule, ndugu yangu! Simu yangu inasema lake, yako inasema lake, na jua la Madale halingoji ruhusa ya mtu. Gibson ni mtu mpole, lakini juzi aliweka brashi chini akaniuliza taratibu kama wewe na mie tuna ugomvi wa mirathi. Nilitamani ardhi inimeze.

Basi siku hiyo hiyo nikaona yamenifika shingoni. Nikaenda Temeke kumwambia Mama kwamba rangi nachagua mwenyewe, liwalo na liwe, ahame. Nilidhani atafurahi. Akaniambia, "Usichague, Mwanabaraka. Mwache mwenzio aendelee kukataa."

Nikamjia juu. Nikamwambia nyie wawili mtanitia wazimu, mvua inakuja, nyumba ipo, nawe unataka kukaa humu humu! Akawa anaisokota ncha ya kanga yake, hata haniangalii. Kisha akasema, "Alikuwa ananipigia Idi mpaka Idi. Tangu hii rangi ianze, ananipigia kila siku, ananiuliza mama umeionaje. Mkishamaliza kupaka, ataniuliza nini tena?"

Talha, niliaga nikaondoka. Nililia njia nzima mpaka nafika Boko, na sikufichi, nina hasira na wewe mpaka saa hii ninayoandika.

Nisalimie Najma, na wanangu Twalib na Rukaiya uwabusu wote wawili. Mwambie Najma kanga alizoagiza zimo kwenye mzigo wa Somoe. Mola akupe afya, akuzidishie riziki, na akurudishe nyumbani salama tukuone.

Jumatatu Gibson anapaka. Rangi nimeichagua mie, hutaambiwa ni ipi na hutatumiwa picha. Ukitaka kuijua, mpigie Mama umuulize. Amekubali kuhama, ila nimemuusia asikujibu yote siku moja.

Ni mie dada yako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,
Mwanabaraka