Ghorofa ya Wanawake

Nyumba ya pili kutoka kona,
Nyuma ya kiwanda cha mbao.
Jumatano, baada ya alasiri.

Mpendwa mdogo wangu, kitindamimba wa mama,

Assalaam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, wewe na shemeji na wanangu wote. Vipi lile goti? Najua utanijibu halijambo, huku umelipaka dawa na kulificha chini ya gauni, maana tangu utoto wewe ni mtu wa kuumwa kimyakimya. Tafadhali nenda kwa daktari, usimngoje mumeo akukumbushe. Wanaume hukumbuka chakula.

Mimi ni mzima wa kadiri. Presha imetulia. Macho ndiyo yananisumbua. Kutunga uzi kwenye sindano siku hizi ni kazi ya asubuhi nzima, na cherehani imekaa inaniangalia. Nakula, nalala, nashukuru. Ila usiniulize kama nina mtu wa kuzungumza naye, kwa sababu hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu badala ya kukupigia simu. Kwenye simu nitalia, nawe utalia, na salio litakwisha kabla habari yenyewe haijafika.

Tangu mume wangu, shemeji yako, afariki, nyumba hii imekuwa kubwa. Unaijua ilivyo: chumba cha mbele cha kushonea, cha nyuma cha kulala, na ule ukumbi mwembamba ambako viatu vyake bado vipo kwa kuwa sijapata moyo wa kuvitoa. Mchana wateja huingia na kutoka, si haba. Wakati wa swala ndipo ninapouonja upweke wenyewe. Yeye alikuwa akisimama mbele na mimi nyuma yake, hata akiwa na haraka ya kazi. Sasa natandika mswala peke yangu, naitikia amin peke yangu, natoa salamu kulia na kushoto, na pande zote mbili ni ukuta.

Utasema, si uende msikitini? Mdogo wangu, hatuna msikiti. Tunachokiita msikiti ni ghala la zamani la fanicha lililo juu ya gereji. Upande wa kibla umeangukia kwenye pembe ya chumba, kwa hiyo Imamu anasimama kwenye kona kama mtoto aliyeadhibiwa, na safu zinakwenda mshazari. Safu ya kwanza inawatosha watu wachache tena wembamba. Ijumaa wengine wanaswalia kwenye ngazi. Sisi wanawake hatuna hata pa kuweka kidole.

Ndiyo maana kiwanja kilipopatikana nilifurahi kupita kiasi. Kiko mtaani kwetu hapa hapa, kinapakana na nyumba ya Mwalimu. Mwalimu unamkumbuka, yule jirani yangu mstaafu, aliyekulazimisha umalize chai ulipokuja kwenye matanga. Mchora ramani akatuchorea msikiti wa ghorofa moja: chini wanaume, juu wanawake, tena na ngazi yetu wenyewe na madirisha marefu. Imamu wetu, ambaye siku za kazi ni fundi wa friji, alikuja kunionyesha ile ramani. Nikaweka kidole pale juu nikamwambia, hapa ndipo nitakaposimama. Akacheka, akasema niwahi nisije nikapokonywa.

Wazimu wangu haukuishia hapo. Nilinunua kitambaa cha kijani nikashona mapazia ya madirisha yale kwa vipimo vya kwenye karatasi. Fundi gani anakata kitambaa kabla ya kulipima dirisha? Mimi, mzee mzima, pamoja na miaka yangu yote ya cherehani.

Basi, tangazo la ujenzi lilipobandikwa, mtaa ukachafuka. Watu ambao hawajawahi kukubaliana hata juu ya siku ya kuzoa taka wakawa kitu kimoja. Ikasemwa mnara utalipita tangi la maji, na mnara wenyewe kwenye ramani haukuifikia hata nguzo ya umeme. Ikasemwa vipaza sauti vitawaamsha wagonjwa, magari yatajaa mpaka milangoni, watu wasiojulikana watakuja kulala humo. Duka la dawa likageuka mahali pa kukusanyia sahihi za kutupinga. Unakwenda kununua dawa ya kichwa, unaombwa na sahihi yako. Gazeti likaandika, redio ikapiga domo. Asubuhi moja tukakuta uzio wa kiwanja umepakwa rangi nyekundu: HATUWATAKI.

Sitakuficha, neno lile liliniuma. Hawa watu nimewashonea. Nimewashonea magauni ya harusi na sare za watoto wao, najua nani bega lake moja liko chini na nani anaficha kitambi. Nikawa nikipita pale najiuliza, katika wote niliowapima, ni nani aliyeshika brashi? Wateja wengine walihama bila kuaga. Mmoja, muoka keki, aliendelea kuja, lakini kwa mlango wa uani, amejifunika mtandio mpaka puani eti asijulikane. Nikamwambia, "Mama, kwa umbo hilo hata ujifunike turubai watakujua tu." Tulicheka mpaka akakaa chini. Baada ya hapo sikucheka tena kwa muda mrefu.

Lakini hayo yote ningeyameza. Lililonishinda ni la Mwalimu.

Mumewe alipatwa na kiharusi. Kila asubuhi humtoa uani na kumketisha kwenye kiti apate jua, upande ule wa kiwanja, maana kwingine uani kwao ni kivuli mpaka adhuhuri. Ghorofa yetu ingelifunika jua lile. Habari za dini yetu hakuzigusa hata siku moja. Yeye husali kanisani kwake, na joho lake la kwaya nimelishona mimi. Alichosema ni kwamba jengo ni refu mno. Kwa bahati mbaya alimwambia mwandishi wa gazeti, na gazeti likaweka picha yake chini ya maneno makubwa ambayo hakuyasema.

Nilipoiona picha ile nilikasirika sana. Akanisalimia kupitia ukutani, sikuitika. Ikawa basi. Chai ya alasiri, ambayo tumekunywa pamoja tangu nilipofiwa, ikakoma. Nikawa namsikia akikohoa upande wa pili, naye bila shaka akiisikia cherehani yangu. Sikujua kwamba mtu anaweza kumkosa jirani aliye umbali wa tofali moja.

Hatimaye baraza la mji likaitisha mkutano wa hadhara. Mwenyekiti wa kamati yetu ya msikiti, muuza vipuri vya magari, akapita nyumba kwa nyumba kutuomba wanawake tusiende. Hakuwa na ubaya, aliogopa tutatukanwa. Alisimama mlangoni kwa adabu zote, hakukubali hata kukaa. "Mama zetu, tuachieni sisi," akasema. "Matusi yakirushwa, yatupate sisi." Nikaona tumeheshimiwa. Nikabaki nyumbani, nikayapiga pasi mapazia yangu.

Jioni zikaja habari kwamba kibali kimetoka! Nikasujudu hapo hapo kati ya vipande vya vitambaa. Wanaume wakapita mtaani wakikumbatiana, wengine wanalia waziwazi. Sisi tulioandikiwa kwenye uzio kwamba hatutakiwi, tumeambiwa mbele ya watu wote kwamba tuna haki ya kuabudu kama wengine. Usione ni jambo dogo. Nilisimama mlangoni nikawapungia mkono. Imamu naye akanipungia, kisha akaangalia chini. Nikadhani ni uchovu.

Ukweli niliupata kesho yake, na aliyeniletea ni Mwalimu. Alibisha hodi mlango wa mbele, mchana kweupe, watu wanaona. Nikamfungulia kwa kuwa sikuwa na namna. Hakukaa.

"Sikuja kugombana," akasema. "Nataka kujua tu. Nyinyi wanawake mtaswali wapi?"

"Ghorofani," nikamwambia. "Si ndiyo uliyoipinga?"

Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia mgonjwa ambaye hajaambiwa ugonjwa wake. "Hakuna ghorofa tena, jirani. Hawakukwambia?"

Ndipo akanieleza. Baraza lilitoa kibali kwa sharti kwamba jengo liwe la chini tu. Ofisa aliuliza ile ghorofa ilikuwa ya kazi gani. Mwenyekiti wetu, akitaka kuonekana mtu wa kuelewana, akajibu kwamba ni ya akina mama na wala si ya lazima, wao wana kawaida ya kuswali majumbani. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mwalimu aligeuka huku na huku atafute mwanamke wetu mmoja atakayesimama aseme neno, asimwone. "Nilikutafuta wewe," akaniambia.

Mdogo wangu, nilikaa kwenye kiti cha cherehani. Wale wa rangi nyekundu niliwazoea, nilikuwa nimeshajikaza kwa ajili yao. Walionitoa ni watu wangu, na walinitoa kwa upole, wakanishukuru kwa kubaki nyumbani.

Mwalimu akasema atarudi barazani, ataondoa pingamizi lake, ghorofa ijengwe. "Mimi nilikuwa nalitaka jua tu," akasema. "Sikujua kwamba nakutoa wewe." Niliona kwamba anasema kweli, maana sauti yake ya darasani ilikuwa imempotea. Nikamsindikiza kwake. Mumewe alikuwa uani, ameuelekeza uso juani, macho ameyafumba, na mkono wake mzima unaukanda ule uliolala, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto.

Nikamwambia Mwalimu asiende popote. Usinisifu, kwa sababu nilitamani sana aende. Lakini ningezipandaje ngazi zile kila Ijumaa, nikijua kwamba nimemzibia yule baba jua lake?

Nikaenda dukani kwa mwenyekiti badala yake. Nilimkuta katikati ya mikanda ya feni na taa za magari. Nikamwambia kwamba kwa kuwa ghorofa imekwenda, wagawe ukumbi wa chini, nyuma pawe petu, na kitambaa cha kutenganisha ninacho tayari. Akakuna kichwa.

"Mama, ukumbi wenyewe mdogo. Na nyinyi thawabu zenu mnazipata nyumbani, hamna hasara."

"Thawabu nazijua," nikamwambia. "Ninachokosa ni watu."

Akajifanya anatafuta bolti. Imamu ameahidi kulirudisha jambo hili mbele ya kamati, na yeye namwamini, ingawa watu humsikiliza zaidi friji ikiharibika. Nimewaambia kwamba kikao hicho nitakwenda mwenyewe, yawe matusi au makofi. Mpaka leo hakijaitishwa. Mwanamke mwingine niliyemwomba tuongozane aliniambia nisiwaaibishe wanaume wakati wa furaha yao, kwa hiyo nitakwenda peke yangu.

Chai na Mwalimu imerudi, ila bado haijawa ile ya zamani. Tunakunywa, tunazungumza habari za dawa za mumewe na bei ya vitambaa, na yapo maneno tunayazunguka. Nadhani anaona haya kwa kuwa alipata alichokitaka. Nami naona haya kwa sababu mtaa mzima unanipongeza kwa ushindi wetu, na mimi naitikia, "Ahsante, ahsante," kisha naingia ndani na kufunga mlango.

Nisalimie shemeji sana, mwambie suruali yake iko tayari na kiuno nimekiachia nafasi, asinione sijui. Wabusu wanangu mapacha, na yule anayepoteza vifungo mwambie nguo yake ijayo itakuwa ya zipu. Mpe mama mkwe wako salamu zangu za heshima. Shangazi naye usimsahau, mwambie namkumbuka kila nikisikia mtu anapiga chafya kwa nguvu.

Limebaki moja, nimelizunguka tangu mwanzo. Jana mafundi walimwaga zege la msingi. Adhuhuri ikaingia wakiwa papo hapo, na Imamu akaadhini katikati ya mifuko ya saruji, kwa koo lake tu, nami nikamsikia vizuri dirishani. Wanaume wakapanga safu juu ya mchanga, bega kwa bega, safu imenyooka mara ya kwanza tangu nihamie mji huu. Nikawatazama mpaka walipofunga swala. Kisha nikatandika mswala wangu chumbani, nikajikuta nimeusogeza kando, nimeacha nafasi kuliani kwangu ya kumtosha mtu mmoja. Tangu jana kila swala nafanya hivyo. Watu wawili wakiswali pamoja ni swala ya jamaa tayari, mdogo wangu. Njoo, hata kwa siku chache, usimame hapo.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi wewe na nyumba yako, aliponye goti lako, na akuweke karibu na watu wako daima.

Akupendaye, na anayekungoja,
Dada yako