Mama Amerudi Jikoni Kwake

Jikoni kwa Mama,
Jumapili asubuhi.

Mpendwa Dada,

Kabla hujasema lolote, nipigie makofi. Katika mji mzima uliohamishwa baada ya kinu cha nyuklia kuvuja, mtu mmoja tu amepewa kibali cha kurudi nyumbani na mama yake, na mtu huyo ni mdogo wako. Mkuu wa kizuizi cha barabarani alinipigia saluti. Bahati yangu unaijua, tangu utotoni inanifuata kama inzi.

U mzima lakini? Mgongo unaendeleaje? Shemeji bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Sisi hatujambo.

Makala uliyonitumia, ile inayolinganisha ajali za nyuklia, nimeisoma yote, mimi niliyekimbia shule nikafuata ufundi wa mafriji. Wanasema Chernobili ndiyo mbaya kupita zote: wazima moto walikufa ndani ya wiki chache, na watoto waliokunywa maziwa yenye sumu wakapata saratani ya tezi ya shingoni. Msitu uligeuka mwekundu ukafa, na leo mbwa mwitu wamejaa kwa sababu watu hawapo. Kumbe sisi watu ni wabaya kuliko mionzi! Sisi wa hapa tumewekwa mkiani, eti "ajali ndogo". Ndogo? Aliyeipima kwa rula aje aupime na mto wetu. Samaki tele, hakuna anayethubutu kuwavua.

Lakini Dada, ulisoma pale chini kuhusu Fukushima? Mionzi yenyewe imeua mmoja, kama yupo. Waliokufa kwa wingi ni wazee, na kilichowaua ni kuhamishwa: baridi, dawa kukosekana, vitanda vya ugenini. Hapo nikamtazama Mama.

Kwenye ule ukumbi wa michezo tulimowekwa, alikuwa anashinda kwenye kiti cha plastiki na kulala chini ya ubao wa mpira wa kikapu. Aliacha kula. Aliacha hata kunitukana, ndipo nikaogopa kweli. Siku moja akaniita: "We mropokaji, nikifia hapa usiwadanganye watu eti mionzi. Waambie ni kiti cha plastiki."

Najua utasema mionzi haina mzaha. Wala sifanyi mzaha. Wanangu nimewaacha kulekule na mama yao, hawakanyagi hapa. Maji tunakunywa ya chupa, mboga za bustani hatuzigusi. Lakini sumu inayomla mtu kwa miaka ishirini, kwa Mama wa miaka themanini na tatu itabidi ipange foleni nyuma ya presha, sukari na magoti.

Hivi ninavyoandika ananifokea kwa kuweka sufuria pasipo pake. Jana alimaliza sahani, akaongeza. Waje na rula zao kututoa. Watanikuta mlangoni.

Msalimie shemeji, na wapwa zangu wote wawili, yule kinyozi na yule aliyerithi mdomo wa mjomba wake. Mungu awakinge na kila kisichoonekana kwa macho, na awape mahali penu pa kuzeekea.

Mimi mdogo wako, nikupendaye hata ukinuna,
Fundi Baridi

Kibali hakuna, Dada. Nilikata waya wa uzio, nikampitisha Mama mgongoni.