Gadi Kwenye Ngazi ya Behewa

Temeke,
15 Juni 1953

Kwa dada yangu mpenzi Chausiku,
Maneromango.

Shikamoo dada. Hujambo wewe na wanao? Kifua cha Bi Mkubwa kimepoa? Sie huku wazima, alhamdulillahi. Mke wangu anakusalimu sana. Mihogo yako imefika, tumekula mpaka wali tumeusahau.

Humu ndani nimetia picha. Usimwonyeshe mtu mpaka umalize kusoma, maana nahitaji jibu lako, na nakuogopa.

Unajua mie napaka rangi karakana ya reli. Kwa sherehe za kutawazwa Malkia tulipewa behewa la gadi, lile la mwisho wa treni, tulipambe. Nyekundu chini, dhahabu kwenye kingo, na ubavuni nikachora twiga kwa mkono wangu mwenyewe. Najisifu, lakini twiga yule anapendeza jamani! Siku ya pili ya sherehe behewa likawa linakwenda bara, na nani ajuaye litarudi lini. Nikamleta fundi Marijani alipige picha. Kamera yake ilibakiwa na picha moja tu.

Tukawaondoa watu wote mbele. Akabaki gadi mwenyewe, Salumu, yule Mnyamwezi wa Tabora aliyekula pilau kwetu Idi ya mwaka jana ulipokuja. Mtani yule! Akaketi kwenye ngazi, mbele ya miguu ya twiga, akasema hiyo ndiyo nyumba yake, Wazaramo hatuipigi picha bila kumlipa. Nikampa sigara, akakataa. Nikamwahidi jogoo, akauliza atapikwa na nani, nyumba haina mke. Injini imeshapiga honi, Marijani ananung'unika, watu hawana mbavu kwa kucheka. Nikamwambia haya, nimekupa dada yangu Chausiku, toka! Wakapiga makofi. Hakutoka ng'o, akadai sasa yeye ni bwana harusi, lazima aonekane. Marijani akapiga hivyo hivyo. Ndiyo maana twiga wangu hana miguu.

Nilidhani yameishia pale. Aliporudi safari akaja kwangu na wazee wawili, kanzu imepigwa pasi, kishika uchumba kwenye leso. Wala hacheki. Nikamkumbusha kwamba ule ulikuwa utani wetu wa siku zote. Akajibu kuwa utani ulikuwa wa kubishia hodi tu, kwa sababu kusema hivi hivi kulimshinda. Tangu ulipomgombeza kwa kutia chumvi pilau kabla ya kuionja, hajatulia. Nikawaambia wazee kwamba Chausiku si mtoto, jibu atatoa mwenyewe. Leso yao wameondoka nayo.

Sasa nisikufiche, dada. Pale relini mie sikuropoka. Kila tukionana huniuliza habari zako, ati watoto wanasoma, ati mihogo imekomaa. Nilijua. Nilipopata nafasi ya kukutaja nikakutaja makusudi, maana kukuambia uso kwa uso nisingethubutu. Mwaka wa tatu huu tangu shemeji, Mungu amrehemu, atutoke, na nimechoka kuja huko nikukute umejiinamia. Salumu hanywi, hana mke, na ukimgombeza anasikia. Mie nampenda awe shemeji yangu. Basi, nimesema.

Matusi yako nimeshayapokea. Nisalimie Bi Mkubwa na watoto wote.

Picha ni hiyo moja tu. Humtaki, irudishe. Unamtaka, kaa nayo. Amesema kila jioni atapita kwangu kuuliza kama posta imeleta bahasha, na mie nitakuwa namwombea isilete.

Mdogo wako akupendaye,
Mwishehe