Kulungu Mweupe wa Harusi Yako

Kaka Jovnna, msomi wetu wa Oslo,

Pokea salamu, kama huko mjini bado hazijapigwa marufuku. Mama hajambo, mbwa kazaa, na mimi nimepanda helikopta. Ndiyo, mimi mtoro wa shule! Wewe na digrii zako umeshaiona nchi yetu kutoka juu? Mbweha mweupe ni chembe ya sukari, na kulungu wetu wa theluji ni pilipili manga iliyomwagika kwenye shuka.

Mimi na Baba tulikuwa tunalitafuta kundi letu la kufuga. Baba alikuwa ameliacha likate ziwa lililoganda peke yake, maana kulizungusha mlimani kunataka watu watatu, nawe ulisema una kikao. Barafu ikapasuka. Kutoka juu niliona pembe tu, kama kichaka kilichoota majini.

Rubani akaniuliza, "Wa nani hao, kijana?"

"Wa kaka yangu. Ndiye tajiri wa ukoo."

Alisalia mmoja, yule mweupe uliyetaka avute sleji, gari la theluji, la bibi harusi wako Pasaka hii. Alisimama ukingoni, mguu umevunjika, tai wanamzunguka. Tukatua. Baba akanipa bunduki.

"Mmalize," akasema. "Asimngoje mtu kama nilivyomngoja mimi."

Nikammaliza. Ulimi wa kulungu huyo nimeula mimi. Mtamu, kaka!

Baba kamkata masikio yenye alama yako ya umiliki, ile aliyomtia kwa mkono wake mnyama akiwa bado ndama. Nimeyaweka humu kwenye bahasha. Hiyo ndiyo mali yako yote, usimpe paka.

Mdogo wako, rubani mtarajiwa,
Issát